Nondo, Mlango na Uzio: Usalama na Mpangilio wa Mabweni ya Shule nchini Kenya, 1991–2024

Insha hii inajadili jinsi dhana ya usalama ilivyoathiri mpangilio wa mabweni ya shule nchini Kenya. Hoja inayotetewa ni kwamba bweni lilichukuliwa kwa muda mrefu kuwa mahali pa kuzuia watu kuingia na kutoka, na kwamba vizuizi hivyo ndivyo vilivyogeuka hatari moto ulipozuka.

Hofu ya uvamizi ilikuwa na msingi. Mnamo Julai 1991, wavulana wa shule ya mseto ya St. Kizito, Meru, waliwavamia wasichana waliokuwa wamekimbilia bwenini. Wasichana 19 walifariki, wengi wao kwa kukosa hewa katika msongamano, na wengine wengi walibakwa. Mlango haukuwakinga, kwa kuwa tishio lilikuwa limo ndani ya uzio.

Miaka iliyofuata ilidhihirisha upande wa pili wa tatizo. Mwezi Machi 1998, moto uliwaua wasichana 26 katika Shule ya Bombolulu, Kwale. Milango ilikuwa imefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 waliteketea Kyanguli, Machakos, katika moto uliowashwa makusudi. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo vilevile. Aliyewasha moto aliuanzisha msiba. Mpangilio wa jengo uliongeza idadi ya waliokufa.

Mwaka 2008, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni. Mwongozo huo uliagiza nafasi ya mita 1.2 kati ya vitanda, njia ya mita 2, milango yenye upana wa futi 5 inayofunguka kwa nje, mlango kila mwisho wa bweni na mwingine wa dharura katikati, pamoja na madirisha yasiyo na nondo. Kwa hiyo, tangu mwaka huo, upungufu haukuwa wa maarifa.

Kikwazo kilikuwa utekelezaji. Sera ya kuwapeleka wahitimu wote wa shule za msingi katika sekondari, iliyoanza mwaka 2018, iliongeza idadi ya wanafunzi kwa kasi kuliko majengo, na nafasi baina ya vitanda ndiyo iliyotolewa kwanza. Wakati huohuo, shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, lililoua watu 148, liliimarisha madai ya kuta na malango. Mnamo Septemba 2017 wasichana 10 walifariki katika Shule ya Moi, Nairobi; Septemba 2024, wavulana 21 walifariki Hillside Endarasha, Nyeri, katika bweni la mbao na mabati.

Historia hii haithibitishi kwamba kinga dhidi ya mvamizi na kinga dhidi ya moto haziwezi kupatana. Inaonyesha kwamba zinahitaji mahali tofauti: ulinzi dhidi ya mvamizi uwekwe kwenye uzio, lango na walinzi, ilhali chumba cha kulala kibaki chepesi kutokea. Tathmini ya usalama inayohesabu kufuli bila kupima muda wa wanafunzi kutoka gizani haijakamilika.