Sunderland 2017/18: Walidhani wamefika chini, kumbe kuna ngazi nyingine

Kuna timu zikishuka daraja zinalia mwezi mmoja, zinafuta machozi, msimu unaofuata zinarudi juu na maisha yanaendelea. Newcastle walifanya hivyo. Walishuka 2016, mwaka uliofuata wakarudi Ligi Kuu wakiwa mabingwa wa Championship. Mwaka huohuo wa 2017, majirani na mahasimu wao Sunderland, kilomita kama 20 tu kutoka hapo, wakashuka. Wengi wakasema poa, hata hawa watafanya kama wale, mwaka mmoja wa kusota halafu wanarudi.

Hawakurudi. Walishuka tena.

Wadau wengi wa Bongo wanaijua stori hii kwa sababu ya Netflix. Ile 'Sunderland 'Til I Die' ilitoka Desemba 2018, vipande 8, na watu ambao hawajawahi kuishabikia timu hiyo hata siku moja walijikuta wanaumia nayo. Lakini kamera zile zilikuta ugonjwa tayari umeshakomaa. Zilirekodi msiba tu. Ukitaka kujua nini kiliua, inabidi urudi nyuma kidogo.

Sunderland si timu ndogo, na hapa ndipo watoto wa 2000 wanapochanganya. Hii ni klabu yenye ubingwa wa England mara 6, wa mwisho ukiwa 1936, na Kombe la FA mara mbili, 1937 na 1973. Ilikaa daraja la juu bila kushuka hadi 1958. Mji wenyewe ulikuwa unaishi kwa vitu viwili: kuchimba makaa ya mawe na kujenga meli. Meli zikaisha 1988. Mgodi wa mwisho, Monkwearmouth, ukafungwa 1993. Miaka minne baadaye, 1997, juu ya eneo la mgodi uleule ukafunguliwa uwanja mpya, Stadium of Light, na nje yake ikawekwa sanamu ya taa ya wachimbaji. Babu alishuka shimoni pale, mjukuu anakaa jukwaani palepale. Ndiyo maana timu ikifungwa Jumamosi, Jumatatu mji mzima unaamka na sura moja.

Sasa, kwa misimu kadhaa kabla ya kushuka Sunderland walikuwa na tabia moja mbaya sana: kunusurika. 2013 walibadilisha kocha mwishoni, wakapona. 2014 wakapona kwa namna ambayo watu waliita muujiza. 2015 wakaletewa mzee wa Kidachi, wakapona. 2016 wakaletewa Mwingereza mtaalamu wa kuokoa timu zinazozama, wakapona tena, tena siku ambayo Newcastle ndio walishuka. Kila mwaka sherehe. Ukipona mara nyingi hivyo unaanza kudhani kupona ni kipaji. Kila kocha anakuja na wachezaji wake, anaondoka, mishahara inabaki. Kocha anayefuata anakuja na wake. Mishahara inabaki. Deni linapanda, na mmiliki, bilionea wa Kimarekani, ameshachoka kutoa pesa mfukoni.

Yule mtaalamu wa kuokoa aliondoka kwenda kuifundisha timu ya taifa ya England (alidumu mechi moja, lakini hiyo ni stori nyingine). Akaja Mskoti. Mskoti huyu, baada ya mechi mbili tu za ligi, Agosti 2016, akakubali hadharani kwamba huu utakuwa msimu wa kupambana kutoshuka. Mechi mbili! Hata kama ni ukweli, kuna ukweli ambao kocha hausemi Agosti. Aprili 29, 2017, Bournemouth wakaja Stadium of Light, wakafunga bao dakika za lala salama, 1-0, kwisha habari. Pointi 24 msimu mzima, mwisho wa msimamo. Miaka 10 ya Ligi Kuu ikaishia hapo, na Mskoti akaachia ngazi.

Walioweza kuondoka wakaondoka. Straika mkongwe aliyefunga mabao 15 kwenye timu iliyoburuza mkia, jambo ambalo ukilifikiria ni la ajabu, mkataba wake ulimruhusu kuondoka bure timu ikishuka. Akaenda Bournemouth, haohao waliowashusha. Kipa kijana, mtoto wa nyumbani, akauzwa Everton kwa pauni milioni 25 ambazo zingeweza kufika 30. Everton ndio wale waliotua Dar es Salaam Julai hiyohiyo wakacheza na Gor Mahia pale Taifa. Septemba wakawakaribisha Sunderland kwenye Kombe la Ligi, wakawapiga 3-0.

Ungedhani pesa ya kipa ingejenga timu mpya. Haikujenga. Ilienda kuziba mashimo. Kocha wa kwanza waliyemtaka, wa Aberdeen kule Scotland, aliangalia mahesabu akasema asante, nabaki nilipo. Akachukuliwa kocha wa Preston, mtu mwenye sifa ya kupandisha timu kutoka daraja la tatu. Jamaa akaambiwa asajili kwa pesa ya chenji: wa mkopo, wa bure, wa bei ya kutupa. Klabu ambayo mwaka mmoja nyuma ilimnunua kiungo wa Gabon kwa pauni milioni 13.6, rekodi ya klabu, sasa inahesabu laki laki.

Dalili zilionekana mapema. Julai 29, mechi ya kirafiki, Celtic wakaja wakawapiga 5-0 nyumbani. Wiki iliyofuata ligi ikaanza kwa sare ya 1-1 na Derby. Halafu wakaenda Norwich wakashinda 3-1, na kwa siku chache watu wakaanza kupiga hesabu za kupanda. Baada ya hapo ushindi kwenye ligi ukapotea kabisa. Oktoba 31 wakatoa sare ya 3-3 nyumbani na Bolton, na kocha akafungashiwa virago dakika chache tu baada ya filimbi ya mwisho. Mashabiki wengine walikuwa bado hawajafika hata kituo cha basi. Mechi 15 za ligi, ushindi mmoja.

Na kuna kitu kilikuwa kinawatafuna zaidi ya msimamo: uwanja wao wenyewe. Mara ya mwisho kushinda nyumbani ilikuwa Desemba 17, 2016, dhidi ya Watford, wakiwa bado Ligi Kuu. Tangu hapo, hola. Krismasi ikapita, Pasaka ikapita, timu ikashuka daraja, kocha akaondoka, mwingine akaja akafukuzwa, na mtu aliyelipia tiketi ya msimu mzima alikuwa hajaona ushindi hata mmoja. Uwanja unaoingiza watu karibu 49,000 ulikuwa na viti vilivyotakiwa kuwa vyekundu lakini vimepauka kwa jua na mvua hadi vikawa vya pinki. Kamera ikizunguka jukwaani unaona pinki tupu. Hilo pekee lilieleza hali ya klabu kuliko taarifa yoyote ya bodi.

Kocha mpya alipokuja Novemba watu hawakuamini. Huyu ni mtu aliyeifikisha Wales nusu fainali ya Euro 2016! Angeweza kupata kazi nyingi tu zenye amani. Akakubali timu iliyo mkiani isiyo na hela. Desemba 16, chipukizi wa miaka 18 akaingia kutoka benchi, akafunga bao pekee dhidi ya Fulham. Siku 364 baada ya ushindi wa Watford, Stadium of Light ikashuhudia ushindi tena. Ilibaki siku moja tu mwaka utimie. Kwenye ile series utawaona watu wazima wanakumbatiana kama wamechukua kombe, na usiwacheke.

Halafu ikaja Januari. Ukitafuta mahali ambapo msimu ule ulikufa rasmi, usihangaike na Aprili, nenda dirisha dogo. Straika wao bora, mwenye mabao 12, alikuwa wa mkopo kutoka Bournemouth (ndiyo, Bournemouth tena). Akarudi kwao, na kabla Januari haijaisha akapelekwa kwa mkopo Aston Villa, timu inayopigania kupanda. Ni haki yake kutafuta mahali pazuri. Lakini fikiria uko mkiani, na mfungaji wako anahamia kwa wapinzani walewale wa ligi yako. Badala yake wakaja vijana wa mkopo, kipa wa tatu wa msimu, na winga mzaliwa wa Kinshasa ambaye huko nyuma alichezea Newcastle. Bosi mkubwa hatoi hata senti. Mpaka msimu unaisha, yule aliyeondoka Januari ndiye aliyebaki kinara wa mabao wa Sunderland.

Na wakati huohuo kuna kiungo mmoja alikuwa anaingiza pauni 70,000 kwa wiki. Huyu ndiye aliyegeuzwa mbuzi wa kafara wa msimu mzima, kwa hiyo tumtazame vizuri. Alinunuliwa kutoka Manchester City 2014 kwa pauni milioni 10. Mikataba ya wenzake ilikuwa na kipengele kwamba timu ikishuka mshahara unakatwa. Wa kwake haukuwa nacho. Basi klabu ikamwomba aondoke, avunje mkataba, apunguze, na yeye akabaki na karatasi yake. Mashabiki walimtukana hadi basi. Lakini hivi, nani aliandika ule mkataba? Waliosaini upande wa klabu walikaa mezani wakakubali kwamba Sunderland, timu inayochungulia kaburi kila Mei, haiwezi kushuka. Mchezaji hakujiandikia mwenyewe. Ukiajiriwa mahali, bosi akikosea mahesabu yake, utarudisha mshahara kwa hiari? Wengi wanaomshambulia huyu jamaa mitandaoni wasingerudisha hata elfu kumi. Alikuja kuachana na klabu Juni 2018, timu ikiwa tayari iko daraja la tatu.

Waliokuwa hawana pa kwenda ni watu wengine kabisa. Kushuka daraja mara mbili maana yake wafanyakazi wanapunguzwa, na wanaopunguzwa si wale wa pauni 70,000. Mama mpishi wa kambi ya mazoezi, ambaye kila aliyetazama series anamkumbuka, anawahudumia wachezaji kama watoto wake huku hajui kesho yake ikoje. Padri anaomba kanisani kwa ajili ya timu. Dereva wa teksi anaongea peke yake. Hao ndio walipigwa na msimu ule, na hakuna hata mmoja aliyekosa penalti.

Mwisho ulikuja Aprili 21, 2018, na kama ingekuwa filamu ungesema mwandishi kazidisha chumvi. Wageni ni Burton Albion, nao wanapigania kubaki. Sunderland wanaongoza 1-0. Dakika ya 86 Burton wanasawazisha, na mfungaji ni nani? Straika wa zamani wa Sunderland, kipenzi wa zamani, yuleyule aliyefunga bao la puto la ufukweni dhidi ya Liverpool Oktoba 2009. Lile bao ambalo mpira uligonga puto lililorushwa na shabiki, kipa akahangaika na puto, mpira ukaingia wavuni. Mwaka 2011 aliuzwa Aston Villa kwa mamilioni ya pauni, na sasa karudi kwa mkopo akiwa na jezi ya Burton kuwazika. Dakika za nyongeza Burton wakaongeza la pili. Sunderland wakafunga bao la kusawazisha, mwamuzi akalikataa, mpira uligonga mkono. Filimbi. Kushuka mara mbili mfululizo.

Burton wenyewe nao walishuka msimu uleule. Ushindi ule haukuwasaidia chochote.

Siku nane baadaye klabu ikatangaza mambo mawili kwa mpigo: kocha ameachwa, na timu inauzwa kwa kundi la wawekezaji wapya, mmiliki wa zamani akikubali kufuta madeni kabla ya kuondoka. Mechi ya mwisho, Mei 6, bila kocha mkuu, wakampiga bingwa Wolves 3-0. Ushindi wa tatu tu wa nyumbani msimu mzima, dhidi ya timu bora kuliko zote kwenye ligi. Na Wolves hao nao walishawahi kushuka mara mbili mfululizo, 2012 na 2013. Hesabu ya mwisho ya Sunderland: mechi 46, ushindi 7, sare 16, vipigo 23, pointi 37, mkiani.

Kiangazi kile mashabiki walijitolea kwenda uwanjani na spana, wakang'oa viti vya pinki na kufunga vyekundu. Hawakulipwa. Msimu ulioanza Agosti 2018, wa daraja la tatu, siku moja baada ya Krismasi walijaa 46,039 kuitazama timu yao ikicheza na Bradford. Kwenye ligi ile kuna timu ambazo zingehitaji mechi kumi kufikisha watu hao.

Walikaa huko misimu minne. Mei 2019 walipoteza fainali ya kupanda pale Wembley kwa bao la Charlton kwenye dakika ya 94. Walipanda 2022, na Ligi Kuu wakarudi Mei 24, 2025, wakiifunga Sheffield United 2-1, bao la ushindi likija dakika ya 95 kutoka kwa kijana wa akademi yao ambaye tayari alikuwa ameshauzwa Brighton.