Utumishi Kwanza, Chuo Baadaye: Hesabu ya Zamani ya Masasi na Newala

Mwaka 1985 chuo cha ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, jijini New York, kilianza kuwapokea kwa mpango maalumu vijana wa Kimarekani waliorudi nyumbani baada ya kujitolea ng'ambo chini ya Peace Corps. Anayetaka shahada ya uzamili anasaidiwa ada, naye anaingia kufundisha katika shule za serikali za jiji ambazo walimu wengi wanazikwepa. Mpango ukaenea katika vyuo vingine vya Marekani, ukapewa jina la Paul Coverdell, seneta aliyewahi kuiongoza Peace Corps. Nafasi ya kuomba haina ukomo: aliyemaliza miaka yake miwili kijijini anaweza kuidai hata akiwa na mvi.

Mtu wa Masasi au Newala ana haki ya kuuliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu, maana mapatano ya kutumika ili usomeshwe, au kusomeshwa ili utumike, yamepita mlangoni kwake mara kadhaa kwa zaidi ya karne moja. Na kila mara faida imegawanywa kwa namna ya kushangaza.

Misheni ya Masasi ilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alipotoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, nia yake ikiwa kusogea upande wa Ziwa Nyasa. Kundi halikufika huko, lilijenga Masasi. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, waliishambulia misheni hiyo, na mmisionari Chauncy Maples akahamishia kazi yake Newala. Katika nchi hiyo yenye hofu ndimo alimoingia Cecil Majaliwa.

Majaliwa alikuwa Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto. Alilelewa na misheni Unguja, akasoma katika shule ya misheni ya Kiungani, kisha akapelekwa Uingereza kuendelea na masomo. Aliporudi angeweza kubaki Unguja, penye shule, bandari na watu waliomjua. Mwaka 1886, akiwa shemasi, alipelekwa Chitangali, kati ya Masasi na Newala, kwa mtawala wa Kiyao mwenye cheo cha Nakaam. Mwaka 1890 akapewa ukasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo. Alikaa Chitangali hadi 1897, akihubiri, akifundisha na kuamua mambo ya watu wake kwa lugha aliyozaliwa nayo.

Vitabu vya misheni humtaja Majaliwa kama tunda la kazi ya Wazungu. Mimi namwona kama msomi wa kwanza wa eneo hili aliyevuka bahari, akasoma, akarudi kuwatumikia watu wa lugha yake. Hakuna chuo kilichomngoja na punguzo la ada kwa miaka yake ya Chitangali.

Nusu karne baadaye hesabu ilikwenda upande mwingine. Lyndon Harries, mmisionari wa UMCA, alifanya kazi huku Kusini na kuandika alichokisikia: vitendawili vya Wamakua, visa vya watu wa bonde la Ruvuma, sarufi ya Kimwera. Mwaka 1944 ilichapishwa kazi yake kuhusu jando la Wamakonde. Baada ya hapo alifundisha lugha za Kiafrika London, kisha Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, na kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu ushairi wa Kiswahili kilisomwa na kizazi kizima cha wanafunzi wa ng'ambo. Sina ugomvi na Harries. Bila kalamu yake mengi yangepotea. Lakini kabla hajawa mwalimu wa wengine alikuwa mwanafunzi wa watu wa Kusini. Shule ile ya awali ilikuwa barazani na porini kwenye likumbi, yaani kambi ya jando, na walimu wake hawakulipwa kwa kipimo cha chuo kikuu.

Kisha ikaja Peace Corps. Tanganyika ilikuwa kati ya nchi za kwanza kabisa duniani kupokea watu wake, hata kabla ya Uhuru wa Desemba 1961. Kundi la kwanza lilikuwa la watu 35, wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, waliopewa mafunzo El Paso, Texas, na kazi yao kubwa ilikuwa barabara. (Kusini iliendelea kungoja barabara zake: daraja la Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003.) Walimu wakafuata. Miaka hiyohiyo ya mwanzo wa Uhuru, kijana wa Lupaso, Masasi, Benjamin Mkapa, aliyekuwa amesoma Ndanda na Makerere, alikuwa mwanafunzi wa Columbia. Wamarekani walikuja kwetu kutumika, na Mmasasi alikwenda kwao kusoma ili arudi kuitumikia serikali.

Mwaka 1969 Peace Corps iliondoka Tanzania. Vita vya Vietnam vilikuwa vimetia shaka uhusiano na Marekani, na siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilifanya watu waulize kama mgeni wa miaka miwili anaweza kumlea mtoto wa Kitanzania kwa fikra za Kitanzania. Ilirudi mwaka 1979.

Katikati ya kuondoka na kurudi huko, Tanzania ilitunga mpango wake. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilimtaka mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi miaka miwili kwanza, na chuo kikuu kitazame utumishi wake pamoja na alama zake. Hiyo ilikuwa miaka 11 kabla ya mpango wa New York. Wazo ni lilelile, kwamba anayeijua kazi ya watu atasoma vizuri zaidi, ila sisi tuliliweka kama amri na Wamarekani wakaliweka kama zawadi. Amri ilichosha watu. Wazazi waliona watoto wao wakipoteza miaka na vyuo vikakosa wanafunzi wa sayansi, hivyo sharti likalegezwa hatua kwa hatua. Naamini tuliliacha mapema mno bila kuuliza kama kasoro ilikuwa katika wazo au katika ulazima wake.

Vijana wa Peace Corps wa miongo ya karibuni wamefundisha zaidi sayansi na hisabati katika sekondari za vijijini. Mgeni anafika hajui kumwamkia mzee. Anaondoka anajua kuamkia, kubangua korosho na kupanga maji ya wiki nzima katika nchi ya mwinuko ambayo maji yake yako chini bondeni. Ujuzi huo unaandikwa katika barua yake ya kuomba chuo kwao, na unahesabiwa.

Kwa upande wetu, kijana wa Newala aliyemaliza kidato cha sita anaitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorudishwa mwaka 2013 baada ya kusitishwa kwa karibu miaka 20. Akienda chuo kikuu anaomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi mwaka 2005. Mkopo huo atakatwa mshahara kuulipa, awe alipita JKT au hakupita, awe amerudi kufundisha Newala au ameajiriwa benki Dar es Salaam.