Walinzi wa Kumbukumbu za Mombasa

Mji hukua kama mti, lakini haukumbuki kama mtu. Mtu huchukua kumbukumbu zake kichwani akaenda nazo apendako. Mji hauna kichwa. Kumbukumbu za mji hukaa katika mawe, katika karatasi, katika majina ya mitaa na katika vinywa vya wazee, nazo hukaa huko muda ule tu ambao yupo mtu wa kuzitunza. Basi, msomaji, nakualika tuutazame mji wa Mombasa kwa kuuliza swali moja ambalo mwanafunzi wa historia aghalabu hulisahau: haya tuyajuayo juu ya mji huu, ni nani aliyetuwekea?

Ukimwuliza mpita njia, huenda akakuelekeza kwenye ngome kuu, ijulikanayo kwa jina la Fort Jesus. Jibu lake si baya. Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596. Ikatekwa na Waarabu wa Oman mwaka 1698 baada ya mazingiwa marefu. Na tangu mwaka 1895 hadi 1958 ilikuwa gereza. Wafungwa walipoondolewa, mtaalamu wa mambo ya kale, James Kirkman, alianza kufukua ndani yake, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Katika udongo ule zilipatikana sahani za Kichina pamoja na vyungu vilivyofinyangwa papa hapa pwani. Hata bahari ilitoa sehemu yake: kati ya mwaka 1977 na 1980 wapiga mbizi walichunguza mabaki ya merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, wakati wa mazingiwa yale.

Walakini ngome hujengwa na mwenye mizinga, na zaidi ya yote hueleza habari za wenye mizinga. Mvuvi hakuacha ngome. Mwanamke aliyesuka ukili hakuacha ngome. Mtumwa aliyelima shamba la mwenziwe hakuacha hata kaburi lenye jina. Kama tungetegemea mawe peke yake, Mombasa ingekuwa mji wa maaskari na majemadari, ilhali sote twajua kuwa mji ni watu wote wakaao ndani yake.

Yatazame sasa maneno. Zamani za utawala wa Wamazrui, kabla Seyyid Said hajautwaa mji mwaka 1837, aliishi Mombasa mshairi Muyaka bin Haji. Alitunga juu ya vita na siasa za mji wake, na pia juu ya mapenzi, umaskini na mambo ya kila siku. Alipofariki, yapata mwaka 1840, hapakuwa na kitabu chake kilichopigwa chapa. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu. Nusu karne baadaye, mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyakusanya kwa wazee waliokuwa bado wanayakumbuka, naye akamfikishia mmisionari wa Kiingereza, W. E. Taylor. Karatasi hizo zilikwenda Uingereza, na mwaka 1940 mashairi mengi yalitolewa kitabuni na William Hichens. Mwaka 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz aliyachapisha tena pamoja na maelezo yake.

Zingatia mnyororo huo, msomaji. Mwislamu aliyejua lugha na wazee wa mji alishirikiana na Mkristo aliyekuwa na njia ya kuyafikisha maandishi mbali. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Lau angaliahirisha kazi ile, akasema, "Wazee wapo, nitawauliza mwakani," sehemu kubwa ya mashairi ya Muyaka ingalifukiwa pamoja na waliokuwa wameyahifadhi, nasi leo tusingalijua hata kwamba tumepoteza kitu.

Kuna walinzi wengine ambao hawakujua kuwa ni walinzi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuandikisha ardhi ya pwani, na makarani wakaandika madai ya wenyeji: nani anadai shamba gani, na kwa haki ipi. Karani yule alitimiza wajibu wake, akafunga daftari, akaenda zake. Miaka mingi baadaye mwanahistoria Frederick Cooper alizisoma hati za namna hiyo, na mwaka 1980 akatoa kitabu kieleza jinsi watumwa wa zamani wa pwani walivyogeuka kuwa maskwota katika ardhi waliyoilima wenyewe. Vivyo hivyo mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa Mombasa, wa Januari 1947, umeelezwa kwa sehemu kubwa kutokana na majalada ya serikali. Lakini jalada la serikali lataka kusomwa kwa uangalifu. Mtawala huandika anachokiogopa na anachokitaka. Mchukuzi wa mizigo bandarini hutajwa anapoleta taabu, na anapofanya kazi kwa utulivu miaka 20 hatajwi kabisa.

Ndiyo maana wengine waliacha majalada wakaenda kuketi na wazee. Katika miaka ya 1970 Margaret Strobel alichunguza maisha ya wanawake Waislamu wa Mombasa, na yeye pamoja na Sarah Mirza wakayaandika masimulizi ya wanawake watatu: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Kitabu chao kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991. Bi Kaje alitoka katika ukoo wa waungwana waliokuwa na watumwa. Mishi alitoka katika kizazi cha watumwa. Wote wawili waliishi katika mji mmoja, lakini kila mmoja aliuona kutoka mlango wake. Soma maneno ya mmoja peke yake, nawe utapata nusu ya mji.

Jamii nyingine nazo zilipata waandishi wao. Cynthia Salvadori alikusanya masimulizi ya familia zenye asili ya Kihindi katika Kenya, na mwaka 1996 yakatoka katika kitabu kiitwacho We Came in Dhows. Habari za Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika utumwa, zimo katika barua za misheni zilizohifadhiwa Birmingham, Uingereza. Wala usidharau majina ya mahali, kwani nayo ni hati. Kengeleni pamepata jina lake kwa kengele ya Frere Town. Kilindini na Changamwe si majina ya bandari na mtaa tu; ni majina ya mataifa mawili kati ya yale Matatu, ambayo pamoja na yale Tisa hufanya Thenashara Taifa, wenyeji wa kale wa Mombasa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbukumbu nazo ni mali, na maadui wake ni wengi. Mchwa hula karatasi, na unyevu wa pwani huiozesha. Moto wa mwaka 1939 uliteketeza kumbukumbu nyingi za ofisi kuu ya serikali mjini Nairobi. Na mkono wa binadamu hushinda mchwa: kabla ya uhuru wa mwaka 1963, maafisa wa kikoloni walichoma baadhi ya majalada na kuyasafirisha mengine Uingereza kwa siri. Mwaka 2011, wazee waliopigania uhuru walipokuwa wameishtaki serikali ya Uingereza mahakamani, ndipo ilipokubali kwamba majalada hayo yamefichwa mahali paitwapo Hanslope Park. Fikiri, msomaji: mzee anadai haki yake, na ushahidi wa dhuluma aliyotendewa umefungiwa ng'ambo kwa karibu miaka 50. Je, bado waweza kusema kuwa karatasi kuukuu hazina faida?

Kenya ilianzisha idara yake ya Nyaraka za Taifa kwa sheria ya mwaka 1965. Kazi ya mtunza nyaraka yaonekana nyepesi, lakini inataka moyo wa uadilifu. Hachagui yale yanayompendeza akayatupa yanayomchukiza. Hati ya mauzo ya mtumwa humwaibisha mjukuu wa muuzaji na humhuzunisha mjukuu wa aliyeuzwa. Yeye huiweka salama kwa ajili ya wote wawili. Katika mji wa watu wengi kama Mombasa, walimokutana Waswahili, Mijikenda, Waarabu, Wahindi, Wabulushi na watu wa bara, kila jamii hupenda kusimulia habari zake kana kwamba ndiyo peke yake iliyoujenga mji. Ushahidi wa wengine ukiwapo, masimulizi hayo hupimwa. Ukipotea, mwenye sauti kubwa hubaki mwenye haki, na jamii iliyokosa mlinzi huambiwa kwamba haikuwa na historia.

Na wewe je? Huna makumbusho wala idara, lakini una daftari na kalamu, na katika mtaa wako wamo wazee. Mwendee mmoja kwa adabu, umwulize juu ya shule yake ya kwanza, kazi yake, bei ya chakula katika ujana wake, na majirani waliohama. Andika kama anavyosema, bila kumsahihisha. Weka jina lake akiridhia, tarehe na mahali. Kisha mwendee wa pili, wa kabila au dini nyingine ikiwezekana, umwulize maswali yale yale. Wakihitilafiana, andika maneno ya wote wawili, maana penye hitilafu ndipo uchunguzi huanzia. Ukiziona picha za zamani nyumbani, uliza majina ya waliomo, uyaandike nyuma yake kwa penseli, taratibu, angali yupo anayewatambua.

Hapana hata mmoja kati ya walinzi tuliowataja aliyeiokoa historia ya Mombasa yote. Kila mmoja aliokoa sehemu aliyoweza kuifikia, kabla muda wake haujapita. Sehemu iliyo karibu na mkono wako hakuna aifikiaye vyema kuliko wewe.