Mlango wa ndege na kaburi la Ngorongoro

Juzi kijiweni Karatu jamaa kashikilia kwamba abiria mkorofi anaweza kufungua mlango wa ndege angani tukamwagika wote. Inategemea, wadau. Ndege kubwa ikiwa juu kabisa, hewa ya ndani huubana mlango kwa takriban tani tano kila mita mraba. Misuli gani hiyo? Ikikaribia kutua, presha hupungua: Mei 2023, Korea Kusini, abiria wa Asiana aliufungua wakiwa mita kama 200 tu juu. Ilitua salama. Vindege vya watalii vya Manyara vingi havijazwi hewa, hapo mpinzani ni upepo tu.

Lakini kifo cha angani kinachokumbukwa zaidi huku hakikuletwa na mlango. Januari 10, 1959, Michael Grzimek, miaka 24, alikuwa peke yake kwenye Dornier yenye milia ya pundamilia, ile ile waliyohesabia wanyama wa Serengeti na babake, Bernhard. Tumbusi akagonga bawa. Ndege ikaangushwa na ndege, Kiswahili kina utani mchungu! Kaburi liko ukingoni mwa kreta. Bernhard alifariki 1987, majivu yake yakaletwa kuzikwa pembeni ya mwanawe.