Picha Ipendwayo Kuliko Zote: Awaara na Watazamaji wa Unguja

Mwenye kutaka kujua habari za watu wa zama zilizopita huuliza kwanza walifanya kazi gani, walitawaliwa na nani, na walipigana na nani. Maswali hayo ni ya haki. Lakini liko swali jingine ambalo aghalabu hudharauliwa: watu hao walipenda nini, na kwa sababu gani? Katika makala haya nitalifuata swali hilo kwa mfano mmoja, nao ni picha ya Kihindi iitwayo Awaara, iliyotolewa Bombay mwaka 1951.

Mwanahistoria Laura Fair, aliyechapisha kitabu chake juu ya sinema za Tanzania mwaka 2018, aliwauliza wazee wengi ni picha ipi waliyoipenda kuliko zote. Jina lililorudi mara kwa mara vinywani mwao lilikuwa hilo la Awaara. Wala si ajabu kwamba watu wa Unguja walikuwa na picha za kuchagua, kwani sinema haikuwa kitu kigeni kwao. Nyumba ya Royal, iliyochorwa na John Sinclair, ilifunguliwa mwaka 1921. Ikaja kuungua, na mahali pake ikajengwa Majestic mwaka 1955. Siku za Idi nyumba hizo zilifurika watu, na yalikuwako pia maonyesho ya wanawake peke yao.

Kisa chenyewe ni hiki. Jaji Raghunath anashikilia kwamba mtoto wa mwizi hawi ila mwizi, na kwa rai hiyo amemfunga mtu aitwaye Jagga. Jagga anapotoka kifungoni anaazimia kulipa kisasi: anamteka mke wa jaji, kisha anamrudisha akiwa mja mzito, ili mumewe aingiwe na shaka juu ya mimba. Jaji anamfukuza mkewe. Mtoto, Raj, anazaliwa njiani, anakulia katika vibanda vya maskini, na njaa ya mama yake inamtia mikononi mwa Jagga yule yule, anayemfundisha wizi. Hata mwisho Raj anasimama kizimbani mbele ya baba asiyemjua, na wakili anayemtetea ni Rita, mpenzi wake tangu utotoni. Raj Kapoor, aliyeiongoza picha hiyo, ndiye aliyecheza kama Raj. Nargis alikuwa Rita. Na jaji alikuwa Prithviraj Kapoor, baba yake Raj Kapoor hasa.

Msomaji atatambua kwamba shauri la kizimba hicho limo katika methali zetu wenyewe. Yuko asemaye, ‘Mtoto wa nyoka ni nyoka,’ na yuko amjibuye, ‘Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.’ Na katika Unguja ya miaka ile shauri hilo halikuwa la mchezo. Utumwa ulikuwa umefutwa kwa sheria mwaka 1897, na wajukuu wa watumwa na wajukuu wa mabwana walikaa mji mmoja. Nasaba ilikuwa mizani ya heshima na ya ndoa. Kulisema jambo hilo waziwazi barazani kulikuwa kuzito, kwa maana kila neno lingemgusa jirani. Lakini akina Raj na Raghunath hawakuwa jirani za mtu. Waliwezekana kusemwa, kuteteliwa na kulaumiwa njia nzima ya kurudi nyumbani, na asiyetoa jina la mtu hakumvunjia mtu heshima. Sisemi kwamba kila aliyeipenda aliipenda kwa hayo. Wengine waliipendea nyimbo, na wengine mahaba ya wawili waliochaguana bila ya wazee kuwachagulia, jambo ambalo nalo lilikuwa shauri zito katika nyumba nyingi.

Ama juu ya lugha, wengi wa watazamaji hawakujua Kihindi. Walakini waliyasikia humo maneno wanayoyajua, kama dunia, wakati na sababu, ambayo lugha zote mbili zimeyapata katika Kiarabu. Na ajuaye alimfasiria jirani yake. Nyimbo nazo zilichukuliwa: Juma Bhalo wa Mombasa alisifika kwa kutia maneno ya Kiswahili katika mahadhi ya picha za Kihindi.

Sasa tuyalinganishe hayo na rai ya watawala. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palifanywa Vugiri, katika milima ya Usambara, jaribio la kutengeneza picha za kuwafundisha Waafrika. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha idara ya picha za makoloni, na William Sellers, aliyeiongoza, alishika kwamba Mwafrika asiyezoea sinema hawezi kufuata hadithi ila iwe nyepesi, iende polepole, wala mandhari yasibadilike ghafula. Lakini Awaara ni picha ya saa tatu hivi. Inaanza mahakamani, inarudi nyuma kabla ya shujaa kuzaliwa, na katikati imetiwa ndoto ndefu ya mawingu, moto na masanamu makubwa. Hiyo ndiyo picha waliyoichagua watu walioambiwa kwamba hawawezi kuifahamu.

Kosa la Sellers, basi, ni ndugu wa kosa la Raghunath: kila mmoja alimhukumu mtu kwa asili yake kabla ya kumsikiliza. Tofauti ni kwamba katika picha yuko Rita wa kumhoji jaji, bali watazamaji wa Unguja hawakuitwa kutoa ushahidi. Ushahidi wao umo katika kumbukumbu za kile walichokipenda. Nyumba nyingi walizokaa kutazama zimekwisha fungwa, na wazee waliokaa humo wanapungua kila mwaka. Ni wajibu wa wanafunzi wa historia kwenda kuwauliza, kila mmoja katika mji wake, picha ipi na kwa nini, na kuyaandika majibu kwa maneno yao wenyewe.