Kipozaoili: jina linalotokana na kazi

Kipozaoili ni kifaa kinachoondoa joto kwenye oili ya injini. Oili hupita ndani ya mirija au njia nyembamba, hewa hupita nje yake, na joto huhama kutoka kwa oili kwenda kwa hewa. Waingereza hukiita "oil cooler". Katika gereji zetu utasikia "oili kula", ambayo ni Kiingereza kilichovaa matamshi yetu, na "rejeta ya oili". Napendekeza tushike kipozaoili.

Neno hili limeundwa kwa njia iliyotupatia kipazasauti na kipimajoto: kiambishi ki-, kisha kitenzi, kisha nomino inayotendwa. Kitenzi ni poza, yaani fanya kitu kipoe. Tusiandike kipooza, kwa kuwa pooza hubeba pia maana ya kiungo kukosa nguvu. Nomino ni oili, si mafuta, maana mafuta ya gari kwa wengi ni petroli au dizeli, na "kipozamafuta" kingempeleka fundi mahali pasipohusika. Huandikwa neno moja, na wingi wake ni vipozaoili.

"Oili kula" ina kasoro kubwa. Gari linapochoma oili tunasema linakula oili. Mteja akiambiwa tatizo lake ni "oili kula", anaweza kuondoka akiamini kwamba pistoni zimekwisha, kumbe kifaa cha kupoza kimeziba. "Rejeta ya oili" inakaribia ukweli, lakini inakitaja kifaa kwa umbo, na umbo lenyewe hubadilika. Hilo linaonekana vizuri katika Porsche 911 ya zamani.

Gari hili lilioneshwa Frankfurt mwaka 1963, na hadi mwaka 1998 injini yake ilipozwa kwa hewa. Silinda zake sita zimelala, tatu kila upande, nyuma ya ekseli ya nyuma. Feni kubwa inayozungushwa na mkanda husukuma hewa kwenye mapezi ya silinda. Maji hayamo, na rejeta ya maji haimo. Kwa hiyo oili ina kazi mbili: kulainisha vyuma vinavyosuguana, na kubeba joto ambalo upepo wa feni hauwezi kulifikia, hasa la beringi na pistoni. Oili hiyo haikai chini ya injini kama katika magari mengi. Pampu huifyonza na kuirudisha kwenye tangi lake la pembeni.

Kipozaoili cha kwanza cha 911 kimefungwa kwenye injini yenyewe na hupata upepo wa feni ileile. Nguvu za injini zilipoongezeka, hakikutosha. Mwaka 1969 toleo la 911S liliongezewa cha pili, mbele kabisa, ndani ya madigadi ya kulia. Themostati hufungua njia ya kwenda huko oili inapofikia nyuzi 85 hivi za Selsiasi; kabla ya hapo oili huzunguka nyuma tu ili ipate moto upesi. Katika matoleo kadhaa yaliyofuata, kifaa cha mbele kilikuwa bomba lililokunjwakunjwa. Carrera ya lita 3.2, iliyoanza na modeli ya mwaka 1984, ilipewa chenye mapezi, na modeli ya 1987 ikaongezewa feni ya umeme. Umbo limebadilika mara kwa mara, lakini kazi imebaki ileile. Ndiyo maana jina linalotokana na kazi hudumu.

Istilahi hii ina jirani wawili wa kutofautishwa. Joto ni nishati inayohama. Halijoto ni kipimo kinachosomwa kwenye geji. Kipozaoili huondoa joto, na halijoto hushuka kama matokeo. Halijoto ikipanda mno, mnato wa oili hupungua, utando unaotenganisha vyuma huwa mwembamba, na beringi huanza kulika.

Hata kipozaoili kizuri hushindwa ikiwa chumba cha injini kinavuja joto. Katika 911, feni huvuta hewa ya juu inayoingia kwenye kifuniko cha nyuma, na hewa iliyokwisha kuchukua joto hutoka chini, yaliko mabomba ya moshi. Mpaka kati ya juu na chini ni mabati yanayoizunguka injini pamoja na raba inayoziba ukingo wake. Raba ikikatika, au bati likiachwa nje baada ya matengenezo, feni hunyonya hewa moto ileile iliyotoka kupoza silinda. Wenye magari haya hununua kipozaoili kikubwa zaidi wakati dawa ilikuwa kipande cha raba.

Afrika Mashariki ina sababu ya kulijali gari hili. Mwaka 1978 Vic Preston Mdogo wa Kenya alimaliza wa pili katika Safari Rally akiendesha 911 SC. Dereva wa rali katika njia zetu anajua kwamba matope yakikauka kati ya mapezi, hewa haipiti, na kifaa kizima hugeuka mzigo.

Ukiwa na 911 ya aina hii, kagua raba na mabati kwanza. Safisha mapezi ya kipozaoili kwa maji yasiyo na shinikizo kali, mapezi yasije yakapinda. Hakikisha bomba la kwenda mbele linapata moto safari ikikolea. Likibaki baridi wakati geji imepanda, ishuku themostati. Pima oili injini ikiwa imepata moto na inanguruma taratibu kwenye ardhi tambarare, kwani ikizimwa kipimo hudanganya. Na fundi, unapoandika hati ya kazi, andika kipozaoili, ili mwenye gari ajue hasa amelipia nini.