Hati ya Pamoja Inavyolinda Misitu ya Wahadzabe Bonde la Yaeda

Mgeni aliyepita zamani katika Bonde la Yaeda, Wilaya ya Mbulu mkoani Manyara, angeweza kudhani kuwa ardhi ile haina mwenyewe. Wahadzabe, ambao idadi yao inakadiriwa kuwa zaidi kidogo ya watu 1,000, huishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi na kuokota ubuyu. Shughuli hizo haziachi shamba wala boma, na kwa macho ya wengi pasipo shamba ni pori tupu. Kwa dhana hiyo wakulima walifyeka miti na wafugaji wakaingiza mifugo wakati wa kiangazi. Mbuyu mmoja ukianguka, Mhadzabe hupoteza chakula, asali na kivuli kwa mara moja.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya Mwaka 1999 ndiyo iliyofungua njia. Wananchi wengi huifahamu kwa hati za mtu mmoja mmoja au za familia, lakini inaruhusu pia kundi zima kumiliki ardhi kwa pamoja. Kwa msingi huo, mwaka 2011 Wahadzabe walipatiwa Hati ya Hakimiliki ya Kimila ya jamii kwa eneo la takriban hekta 20,000. Waliosaidia kazi hiyo ni shirika la Ujamaa Community Resource Team la Arusha, ambalo kiongozi wake, Edward Loure, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2016 kwa kueneza hati za aina hiyo kaskazini mwa Tanzania.

Hata hivyo, hati iliyofungiwa kabatini haizuii shoka. Vijana wa jamii hiyo hufanya doria, hurekodi miti iliyokatwa na nyayo za wanyama, kisha hutoa taarifa kwa serikali ya kijiji. Gharama zake hulipwa kupitia biashara ya kaboni. Miti hufyonza hewa ukaa inayoongeza joto duniani na kuihifadhi. Ikikatwa na kuchomwa, hewa hiyo hurudi angani. Ukataji uliozuiwa hupimwa na kuthibitishwa, wanunuzi hulipia, na jamii hupata fedha ambazo wananchi huamua matumizi yake mikutanoni, zikiwemo huduma za afya na elimu. Mwaka 2019 juhudi hizo zilipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Biashara hiyo sasa inaongozwa na kanuni zilizotolewa na Serikali mwaka 2022, na uratibu wa kitaalamu unafanywa na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Ukame ungali unasukuma mifugo kuelekea bondeni. Mgogoro unapotokea, mahali pa kuanzia ni serikali ya kijiji pamoja na Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Mbele ya baraza hilo, Wahadzabe leo hufika na ramani na hati mkononi.